Kampuni za Simu Zinapoungana: Amana ya Mteja Iko kwa Nani?



Jioni moja, baada ya kuwaruhusu watoto wa chuo kwenda makwao, alinijia mama mmoja, mzazi wa mwanafunzi wangu, akakaa ukingoni mwa baraza, na simu yake ndogo kaishika kwa mikono miwili. Mama huyu hupika vitumbua na mbaazi akauza asubuhi, na kila apatapo faida huweka kidogo ndani ya simu, ili mwezi wa Januari ukifika asihangaike kwa sare na madaftari ya mwanawe. Akaniambia, "Maalim, fedha zangu zimekwenda."

Nikamwuliza zimekwendaje. Akasema kwamba siku zile sokoni palivuma khabari ya kuwa kampuni yake ya simu yataka kuungana na nyingine, na kwamba asiyejiandikisha upya nambari yake itakufa na akiba yake itapotea. Adhuhuri akapigiwa simu na kijana mwenye sauti ya adabu, aliyemwamkia "shikamoo mama", akajitia kuwa ni mfanyakazi wa kampuni mpya, akamtaka nambari yake ya siri ili, kwa kusema kwake, amhamishie akiba yake kwenye daftari jipya. Mama akamtajia. Haikufika Alasiri, mfuko ulikuwa mtupu.

Sikuwa na la kumpa saa ile ila kumtaka asubiri, na kumwonyesha pa kupeleka mashtaka yake. Lakini alipokwisha kuondoka nilijilaumu nafsi yangu. Juma lililotangulia mama huyu alikuwa kaniuliza, "Maalim, hizi khabari za kampuni kuungana ni za kweli? Sisi itatupataje?" Nami, kwa kuwa sikujua, nikamjibu kama wajibuvyo wengi wetu: "Hayo ni mambo ya wakubwa, mama, hayatuhusu." Mtu wa pili alimjibu vingine, na jibu lake ndilo lililomtia khasarani. Basi maneno haya nayaandika kulipa deni la swali lile.

KHOFU YA MTEJA SI UJINGA

Yatupasa kwanza tuseme kwamba mwenye khofu ana haki ya kukhofu. Zamani simu ilikuwa chombo cha tajiri na cha afisi ya serikali. Leo nambari ya simu ni kama mlango wa nyumba. Ndugu aliye Maskati au Dubai anaijua nambari hiyo na hajui nyingine. Khabari ya msiba huja kwa nambari hiyo. Ada ya shule hulipwa kwayo. Na akiba ya mama muuza vitumbua imo humo. Mtu akiambiwa kwamba mwenye mlango huo amebadilika, na yeye hakuulizwa, atakosaje kuingiwa na wasiwasi?

Kuungana kwa kampuni kwafanana na ndoa ya watu wazima wenye watoto. Wanaooana ni wawili, wanaopatana mahari ni wawili, lakini watoto wanaohamishwa nyumba ni wengi, nao hawakuwako barazani siku ya mapatano. Wateja ndio hao watoto. Wao hawatii sahihi mkataba wowote, wala hawagawiwi chochote katika bei ya mauzo, ilhali lau si wao isingekuwako kampuni ya kununuliwa.

Ukizichambua khofu za wateja utaziona ni tatu: khofu ya nambari, khofu ya fedha, na khofu ya bei. Zote tatu si za uzito mmoja. Mbili za kwanza ndizo zipigiwazo kelele zaidi, nazo ndizo nyepesi zaidi. Ya tatu haipigiwi kelele, na hiyo ndiyo nzito.

NAMBARI: KISA CHA 077

Tutazame jambo lililotokea kwetu wenyewe. Kampuni ya Zantel iliasisiwa Zanzibar mwaka 1999, na nambari zake zikajulikana kwa 077. Ulipofika mwaka 2015, fungu la asilimia 85 lilikuwa la Etisalat, kampuni ya Falme za Kiarabu, na asilimia 15 ilikuwa ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Mwezi wa Juni mwaka huo Etisalat ilipatana na Millicom, waliokuwa wenye Tigo, iwauzie fungu lake lote kwa dola moja ya Marekani. Naam, dola moja. Lakini mnunuzi naye alikubali kuyabeba madeni ya Zantel, yaliyofika dola milioni 74. Biashara ikatimia mwezi wa Oktoba 2015.

Kwa miaka minne kila kampuni ilibaki na jina lake. Mwezi wa Oktoba 2019 Zantel ikatiwa ndani ya Tigo, na fungu la Serikali ya Zanzibar likageuka kuwa asilimia 1.5 ya kampuni ile kubwa. Kisha Millicom nayo ikauza, na mwezi wa Aprili 2022 kampuni ikaingia mikononi mwa kundi linaloongozwa na Axian, kutoka kisiwa cha Madagaska ambacho wazee wetu wakikiita Bukini. Mwishoni mwa mwaka 2024 majina yote mawili, Tigo na Zantel, yakaondolewa, likawekwa jina la Yas.

Sasa hesabu, ndugu msomaji. Mtu wa Wete au wa Makunduchi aliyekuwa na nambari ya 077 mwaka 2015, na akaitunza mpaka leo, amepita katika mikono ya mabwana watatu, na jina la kampuni limemgeukia, na nambari yake ni ile ile. Hakuna aliyemtaka aiuze wala ainunue upya.

Kenya nako mambo yalikwenda hivyo. Mwaka 2014 kampuni ya yu, iliyokuwa ya Essar ya Uhindi, ilipoamua kuondoka, ilikatwa vipande viwili: wateja wakachukuliwa na Airtel, minara na mitambo ikachukuliwa na Safaricom. Nambari za 075 hazikufa. Zilihamia kwa Airtel pamoja na wenyewe. Sababu ni nyepesi kuifahamu. Mnunuzi wa kampuni ya simu hanunui vyuma peke yake; ananunua watu waliozoea kupiga na kupigiwa. Akiziua nambari zao amejiunguzia mali yake kwa mkono wake.

POSA SI NIKAHI

Tena yafaa tujue kwamba si kila tangazo la kuungana hutimia. Mwezi wa Februari 2019 Airtel na Telkom za Kenya zilitangaza kwamba zimepatana kuunganisha biashara zao. Maneno yakawa mengi, Safaricom ikapinga kwa ajili ya madeni iliyokuwa ikiyadai, na vyombo vya serikali vikaanza kuuliza maswali. Mwezi wa Desemba 2019 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ilitoa ruhusa, lakini kwa masharti. Na mwezi wa Agosti 2020, baada ya mwaka mmoja na nusu wa kungojea, Telkom ikasema kwamba imeyaacha mapatano hayo. Kila mmoja akarudi nyumbani kwake.

Basi aliyekimbilia kuitupa laini yake siku ya tangazo alikimbia kivuli. Posa si nikahi. Baina ya tangazo na muungano wenyewe kuna miezi mingi, na mara nyingine zaidi ya mwaka, ambamo wasimamizi wa sheria hutazama kama jambo hilo litawadhuru watu. Kwetu Tanzania kazi hiyo ni ya Tume ya Ushindani, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2003, pamoja na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Mteja hana sababu ya kufanya jambo lolote kwa pupa. Mwenye haraka siku hizo huwa ni mwizi tu.

FEDHA: AMANA NA MWENYE KUIWEKA

Khofu ya pili ni ya fedha. Wengi hudhani kwamba fedha walizoweka katika simu zimo ndani ya sanduku la kampuni, na kwamba kampuni ikiuzwa na akiba yao imeuzwa, na ikifilisika imekwenda na madeni. Sivyo.

Sheria ya Tanzania ya Mifumo ya Malipo ya mwaka 2015, na kanuni za fedha za kielektroniki zilizotolewa mwaka huo huo, zimelazimisha fedha za wateja zitengwe mbali na mali ya kampuni. Mama akiweka shilingi 5,000 kwa wakala, shilingi 5,000 kama hizo hukaa katika benki, ndani ya hesabu ya dhamana iliyofunguliwa kwa ajili ya wateja, na tarakimu aionayo katika simu ni shahada ya fedha hizo. Benki Kuu ndiyo msimamizi. Kampuni hairuhusiwi kuzila fedha hizo, wala kulipia mishahara, wala kujengea minara. Kadhalika mwenye kuidai kampuni hana haki ya kuzikamata, kwa kuwa si mali ya kampuni.

Sisi tuliosoma chuoni hatuhitaji kufafanuliwa sana jambo hili, kwani ndiyo maana ya neno amana. Aliyeachiwa amana hakuwa mwenyewe. Akiuza nyumba yake, haiuzi pamoja na kikapu cha jirani alichoachiwa akilinde. Jirani atakikuta kikapu chake, ijapokuwa nyumba imepata mwenyewe mpya.

Lakini liko jambo la kuangaliwa. Amana haibadiliki, masharti ya huduma yaweza kubadilika. Bwana mpya aweza kuja na ada nyingine za kutoa na kutuma, au na mikopo ya simu ambayo hapo kwanza haikuwako, na kila moja humfikia mteja kwa maandishi madogo yenye kumtaka abonye "kubali". Kubonya huko ni ridhaa, na ridhaa ndiyo nguzo ya mkataba. Asiyependa kuingia katika mkopo wenye ziada, au asiyetaka huduma ya kukatwa fedha kila siku, asibonye kabla ya kusoma. Na asiyejua kusoma amwite mwanawe amsomee. Wengi hulalamika kwamba wameibiwa salio, kumbe walikubali bila kujua walichokikubali.

BEI: KHOFU YA KIMYAKIMYA

Sasa tuje kwenye khofu ya tatu. Wauza samaki wakiwa wanne sokoni, mnunuzi huenda kwa huyu, akaenda kwa yule, na kila mmoja hukhofu kupandisha bei asije akaachwa na samaki wake mpaka wakaharibika. Wawili wao wakifanya shirika, wakabaki watatu, bei haipandi siku ile. Siku ile huwa ni ya furaha na ahadi njema. Bei hupanda baadaye, polepole, wakati watu wamekwisha kusahau kwamba zamani wauzaji walikuwa wanne.

Mfano tunao Marekani. Kampuni kubwa za simu zenye kuenea nchi nzima zilikuwa nne, na tarehe 1 Aprili 2020 mbili kati yake, T-Mobile na Sprint, zikawa moja. Kabla ya hapo T-Mobile iliahidi kwamba kwa miaka mitatu wateja watapata mipango ya bei ile ile au iliyo bora zaidi. Mwaka 2022 mtandao wa zamani wa Sprint ukaanza kuzimwa, na wenye simu zisizoweza kushika mtandao mpya ikawalazimu kubadili vyombo vyao. Miaka mitatu ya ahadi ikapita. Na mwaka 2024 wateja wengi waliokuwa katika mipango ya zamani wakaletewa khabari kwamba bei zao zinapandishwa, wengine mpaka dola 5 kwa kila laini kwa mwezi. Wakati huo watu hawakuwa tena wakizungumza juu ya muungano.

Hatusemi kwamba kuungana ni shari siku zote. Hiyo si insafu. Kampuni ndogo yenye madeni makubwa haiwezi kujenga minara shamba, na mteja wake hupanda juu ya mwembe ili apate mawimbi. Kampuni kama hiyo ikiachwa peke yake yaweza kufa, na ikifa wauzaji wamepungua vile vile. Pengine kuungana ndiko kutakakoihuisha. Lakini nako si dawa ya hakika. Huko Ghana, Airtel na Tigo ziliungana mwaka 2017 zikawa AirtelTigo, zikitaraji kupata nguvu. Haikupita miaka mitano, wenyewe wote wawili wakatoka, na mwaka 2021 Serikali ya Ghana ikaichukua kampuni ile. Wagonjwa wawili wakilazwa kitanda kimoja si lazima apatikane mzima mmoja.

NGAO YA MTEJA

Ikiwa khatari kubwa ni kupungua kwa wauzaji, basi ngao ya mteja ni uwezo wa kuhama. Mteja awezaye kuondoka huheshimiwa. Asiyeweza kuondoka huamrishwa. Zamani kuhama kulikuwa kuzito, kwa kuwa mtu alilazimika kuiacha nambari yake na kuwatangazia jamaa zake wote nambari mpya. Kifungo hicho kimekwisha kukatwa. Kenya iliruhusu wateja kuhama na nambari zao mwaka 2011, na Tanzania ikaruhusu tangu tarehe 1 Machi 2017. Mtu mwenye nambari ya 077 aweza leo kuwa mteja wa kampuni nyingine kabisa, na nambari yake ikabaki 077.

Ni haki iliyo mkononi mwetu, na wengi hawaijui. Mwenye kutaka kuhama haendi kwa kampuni anayoiacha. Huenda kwa wakala wa kampuni anayoitaka, akiwa na kitambulisho chake, naye ataelekezwa namna ya kutuma ombi. Lakini kabla ya kuhama atoe fedha zote zilizo katika mfuko wake wa simu, na alipe deni lake ikiwa alikopa, kwa kuwa nambari ndiyo ihamayo, fedha hazihami pamoja nayo.

Kwa hiyo, khabari ya muungano itakapovuma tena, kila nyumba na ifanye mambo haya manne.

Kwanza, asitajiwe mtu yeyote nambari ya siri, hata akijiita mkurugenzi, hata akimjua mteja kwa jina lake na jina la babake. Kampuni haiihitaji siri ya mteja ili kumhamisha. Wateja wamekwisha kuambiwa na TCRA kwamba kampuni za simu huwapigia kwa nambari 100 peke yake. Ujumbe wa ulaghai, pamoja na nambari iliyouleta, upelekwe kwenye 15040.

Pili, kila mtu ahakikishe kwamba laini yake imeandikishwa kwa kitambulisho chake mwenyewe, si kwa jina la shemeji wala la kijana aliyemuuzia. Abonye *106# atazame nambari zilizo chini ya jina lake. Laini iliyo kwa jina la mtu mwingine ni kama shamba lisilo na hati: siku ya ugomvi hakuna wa kukusikia.

Tatu, iandikwe katika daftari la nyumbani bei ya leo: dakika kadhaa kwa shilingi kadhaa, na ada ya kutoa fedha ni kiasi gani. Baada ya miezi sita ilinganishwe. Asiyeandika bei ya jana hawezi kujua kama ya leo imepanda, naye hudanganywa kwa jina jipya na rangi mpya za kibanda cha wakala.

Nne, mwenye kudhulumiwa ashtaki. Aanze kwa kampuni yenyewe, na asiporidhika aende TCRA. Liko pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, lililowekwa kwa sheria ili liwasemee wateja. Mashtaka ya mtu mmoja ni sauti ndogo, lakini msimamizi asiyepata mashtaka yoyote hudhani kwamba watu wote wameridhika.

Nanyi vijana, hapa mna kazi. Ninyi ndio mnaojua kusoma maandishi madogo ya simu, na wazee wenu hawajui. Msiitumie elimu hiyo kwa michezo peke yake. Kaa na mamako robo saa umweleze haya, kwa upole, bila kumcheka. Kwani yuko kijana mwingine, mwenye sauti ya adabu kuliko yako, anayemngojea ampigie.

Yule mama hakurudishiwa fedha zake. Wazazi wenziwe wa chuo walichanga, na mtoto akaenda shule kwa sare safi. Baada ya miezi kadhaa alinijia tena, akanionyesha ujumbe katika simu uliosema kwamba huduma zake zinabadilika na kwamba abonye mahali fulani. Akaniuliza, "Maalim, hili nalo ni la wakubwa?" Nikamwambia, "La, mama. Hili ni letu. Kaa tulisome."

Wabillahi tawfiq.